Mashine za 1982 bado zinawaka: bati na koltani yetu zinaishia wapi?

UVIRA. – Katikati ya mwaka 2025, kundi la wapenzi wa kompyuta za zamani lilinunua jina la Commodore, kampuni ya Marekani iliyofilisika mwaka 1994. Hawakukawia. Walitangaza kwamba wanauza tena Commodore 64, ile mashine ya nyumbani iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1982, kwa bei ya kuanzia dola 299. Na watu wakanunua. Mashine yenye memoria ya kilobaiti 64 tu! Telefone ndogo ya vitufe inayouzwa pale Mulongwe inaipita mara nyingi.

Msomaji wa Lemera, wa Nzibira ao wa Misisi atauliza: mambo hayo yananihusu nini mimi? Wazungu wana makuta ya kuchezea, waache wacheze. Lakini ngoja kidogo. Tufungue ile mashine tuangalie ndani. Pale ndani kuna vitu ambavyo mikono ya mchimbaji inavijua kuliko mikono ya yule anayecheza nayo. Na namna watu wanavyozitunza mashine hizo za zamani inatufundisha jambo moja ambalo katika mazungumzo yote ya madini ya Kivu hatulisikii.

Ndani ya kisanduku

Kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980 ni kisanduku cha plastiki chenye vitufe juu. Ndani kuna karte moja ya kijani ao ya kahawia. Juu ya karte kuna vyombo vidogo mia na zaidi, na kila mguu wa kila chombo umeshikwa na tone la chuma linalong'aa. Mafundi wetu wanaita ile sudire. Wengi wanafikiri ni risasi tupu. Hapana. Sudire ya wakati ule ilikuwa bati asilimia 60 hivi, na risasi asilimia 40. Bati ndilo linalotoka katika kasiteriti. Tangu mwezi wa 7 mwaka 2006 Ulaya ilikataza risasi katika vyombo vingi vya umeme, na leo sudire inayotumiwa sana viwandani ni bati asilimia 96 na nusu, fedha (ile ya pete) asilimia 3, na shaba kidogo sana. Karibu nusu ya bati yote inayotumiwa duniani inaishia katika sudire. Kwa hiyo mchimbaji wa kasiteriti akiulizwa na mtoto wake, "Papa, ile jiwe inafanya nini?", anaweza kujibu bila kubabaika: ni gundi ya mashine zote za dunia.

Halafu kuna vyombo vingine vidogo mfano wa tone la maji, rangi ya manjano ao ya bluu, vyenye miguu miwili. Hizo ni kondensateri za tantali. Kazi ya kondensateri ni kama ya bidoni nyumbani: inaweka akiba kidogo ya umeme, ili bomba likikatika kwa kitambo kidogo, maji yasikosekane jikoni. Tantali inatoka katika koltani, na inapendwa kwa sababu chombo kidogo sana kinaweka akiba kubwa. Si kila mashine ya zamani inazo kwa wingi. Commodore 64 inategemea zaidi kondensateri za alumini. Lakini IBM PC ya mwaka 1981, baba wa kompyuta za ofisi tunazozijua, inazo, na wanaoitengeneza leo wanazijua vizuri sana kwa sababu tutakayoona.

Na pale karte inapochomekwa katika karte nyingine, mara nyingi meno yake yamepakwa dhahabu, nyembamba kuliko karatasi, kwa sababu dhahabu haipati kutu.

Hapa tusidanganyane. Hakuna mtu anayeweza kushika mashine moja ya mwaka 1982 na kusema: bati hii ilitoka Kalima, tantali hii ilitoka Kivu. Wakati ule bati nyingi ilitoka Malesia, Indonesia na Bolivia, na tantali nyingi ilitoka Australia na katika takataka za viwanda vya bati vya Asia. Kongo ilikuwamo, lakini haikuwa peke yake. Tena bati ya dunia inayeyushwa pamoja. Ikishaingia ndani ya tanuru haina tena kijiji.

Mwaka ule ule, kwetu

Turudi nyuma kidogo, juu historia ya mashine hizi na historia ya migodi yetu zilipitana njiani.

Mwezi wa 4 mwaka 1982, Uingereza ilianza kuuza ZX Spectrum kwa pauni 125. Mwaka ule ule Marekani ilianza kuuza Commodore 64 kwa dola 595. Mwezi wa 1 mwaka 1985, serikali ya Ufaransa ilitangaza mpango wa kupeleka kompyuta zaidi ya 100 000 katika mashule, na nyingi zilikuwa Thomson, aina ya MO5 na TO7. Mtoto wa miaka kumi aliketi mbele ya kioo, akaandika amri, na mashine ikajibu. Watu wazima wanaozikusanya leo ni watoto wale wale. Wamezeeka, wana kazi, na wanatafuta furaha ya utoto wao.

Kwetu wakati ule kulikuwa SOMINKI, kampuni iliyozaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni nyingi za madini za Kivu na Maniema. Wazee wa Kamituga na wa Kalima bado wanaikumbuka: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, mishahara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Mobutu iliruhusu raia kuchimba kwa mikono, na wakrezeri wakaanza kuwa wengi. Halafu ikafika tarehe 24 mwezi wa 10 mwaka 1985. Siku ile, Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likinunua bati ili bei isianguke, liliishiwa na feza kule London. Soko likasimama. Muda mfupi baadaye, bei ya bati ilikuwa imeanguka karibu nusu. SOMINKI haikupona kabisa tangu pale, na mwaka 1997 ikawa imekwisha.

Angalia hesabu hiyo. Mwaka ambao mtoto wa Ufaransa alipata mashine iliyoshikwa na bati, baba wa familia wa Kalima alianza kupoteza mshahara uliotoka katika bati. Hakuna aliyepanga iwe vile. Lakini inaonyesha kwamba anayeuza jiwe peke yake anakaa mbali sana na mahali ambapo bei inaamuliwa.

Ndiyo maana hapa Uvira ni vigumu kukuta mtu mwenye kompyuta ya mwaka 1982 iliyoachwa na babu yake. Hazikufika. Hata ng'ambo ya ziwa hali haikuwa bora: Tanzania ilipiga marufuku mwaka 1974 kuingiza kompyuta, kwa kuogopa kupoteza feza za kigeni, na mlango haukufunguka kidogo kidogo mpaka miaka ya 1980. Kompyuta zilizofika kwenye mwambao wetu zilikuja baadaye, nyingi zikiwa tayari zimetumika kwingine.

Kwa nini hazifi

Sasa swali la maana. Mashine ya mwaka 1982 ina zaidi ya miaka 40. Telefone uliyonunua miaka minne iliyopita inakufa. Kwa nini?

Jibu la kwanza: mashine kadhaa za wakati ule zilikuwa na ramani iliyochapishwa. Kitabu cha Commodore 64 cha wanaoandika programu, cha mwaka 1982, kilikuwa na skema ya karte nzima kwenye kurasa za mwisho. Apple II nayo ilitoa skema yake katika kitabu cha mnunuzi. Mtu akitaka kujua umeme unapita wapi, anafuata mstari kwa kidole. Leo kiwanda kinaficha skema kama siri ya serikali.

Jibu la pili: vyombo vikubwa vilionekana kwa macho, na vingi vilichomekwa katika soketi. Kikifa, unakitoa kwa bisibisi, unaweka kingine. Leo vyombo ni vidogo kama chembe ya mchanga, kioo kimebandikwa kwa gundi, na betri imefichwa.

Jibu la tatu: watu wameshajua magonjwa yake, na wanaambiana. Ile Commodore 64, kwa mfano, ugonjwa wake mkubwa uko katika kisanduku cha kuleta umeme. Kilifungwa kwa lami ngumu ndani, kikizeeka kinaacha kushika volti 5, zinapanda, na memoria inaungua. Kwa hiyo mtu mwenye akili hawashi Commodore ya zamani bila kwanza kupima kisanduku chake. Amiga, mdogo wake Commodore, aina nyingine zina betri ndogo ndani. Betri ile inavuja na kula njia za shaba kama kutu inavyokula mabati ya nyumba. Na IBM PC ya 1981? Zile kondensateri za tantali tulizosema. Zikizeeka, mara nyingine zinashikana ndani: umeme unapita moja kwa moja, mashine inakataa kuwaka, ao kondensateri yenyewe inalipuka kwa moshi na harufu mbaya. Fundi anatafuta ile iliyokufa, anaiondoa, anaweka mpya. Lazima aangalie upande wa jumlisha, maana tantali ikiwekwa kinyume inalipuka tena.

Basi, mashine iliyonunuliwa zamani kwa dola mamia inafufuliwa kwa kipande cha senti chache, sudire kidogo, na akili. Mji wa Namur kule Ubelgiji, na mji wa Cambridge kule Uingereza, ina nyumba za makumbusho ambamo mashine za namna hii zinatunzwa. Lakini nyingi ziko mezani kwa watu wa kawaida, jioni baada ya kazi, na taa ya meza.

Meza ya fundi wa Uvira

Sasa tuache Ulaya, tuteremke njia ya Kimanga mpaka Kalundu. Huku hatuna mkusanyaji anayetafuta furaha ya utoto. Tuna fundi mwenye meza ya mbao mbele ya duka, mwavuli juu, na kisanduku cha vipande vya mashine zilizokufa. Kwake si mchezo, ni chakula cha siku. Lakini ukimtazama vizuri, kazi ni ile ile ya yule mzee wa Namur. Anapima, ananusa, anatafuta chombo kilichovimba. Anatoa kipande katika karte iliyokufa ili kuponya karte nyingine. Mama akileta radio, swali lake ni moja: "Fundi, itapona?" Hamwulizi ni ya mwaka gani.

Mashine zinazofika kwake zimesafiri. Nyingi zimetoka Dubai ao China, zikapita Dar es Salaam, zikapanda treni mpaka Kigoma, zikavuka ziwa kwa boti. Ao zimeingia kwa Kavimvira kutoka Bujumbura. Zile kompyuta za mezani zinazotumiwa katika sekretaria zetu, pale unapochapa CV ya mtoto ao barua ya kuomba kazi, mara nyingi zimeshakuwa na bwana mwingine mbele ya kufika hapa. Fundi wetu ndiye anayezipa maisha ya pili na ya tatu.

Magonjwa ya huku ni ya huku. Umeme wa SNEL unaenda na kurudi, na ukirudi kwa nguvu unapiga kondensateri za kwanza kabisa. Halafu maji. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulitoka njiani na kubeba nyumba na watu. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda na kuingia manyumbani, bandarini Kalundu na upande wa Kavimvira. Na mwezi wa 12 mwaka 2025 vita viliingia mjini. Kila mara familia zinabaki na vyombo vilivyolowa, vilivyoanguka, vilivyolala bila umeme. Mtu hana makuta ya kununua kipya. Akipata fundi, nyumba inapata tena radio, na radio inapata habari. Katika inchi ambayo habari inaweza kukuokoa, hilo si jambo dogo.

Je, wataacha kununua jiwe letu?

Hapa mchimbaji ana haki ya kuuliza swali gumu. Kama wazungu wanatengeneza vya zamani, wanayeyusha vya zamani, si watakuja kuacha kununua kasiteriti na koltani yetu? Tutakula nini?

Tujibu kwa utaratibu, maana hofu hiyo ina msingi. Mwezi wa 4 mwaka 2023, kampuni ya Apple ilitangaza kwamba kufikia mwaka 2025 karte inazochora yenyewe zitashikwa kwa bati iliyoyeyushwa upya tu, na kupakwa dhahabu iliyoyeyushwa upya tu. Mwezi wa 12 mwaka 2024, mawakili wa serikali ya Kongo walishitaki matawi ya kampuni hiyo huko Ufaransa na Ubelgiji kwa habari ya madini ya vita. Kampuni ilikanusha, ikasema tena kwamba imewaambia wanaoiuzia vipande waache kununua bati, tantali, tungsteni na dhahabu kutoka Kongo na Rwanda. Upande wa Ufaransa ulifunga faili mwanzoni mwa mwaka 2025.

Sisi tulishaona filamu hii. Mwezi wa 7 mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, yenye kifungu juu ya madini ya vita. Mwezi wa 9 mwaka ule Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono hapa mashariki, mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Familia nyingi zinakumbuka miezi ile: watoto walirudishwa kutoka shule, negosian hakuonekana. Somo lake ni hili: mnunuzi akiogopa, anaondoka. Habaki kukusaidia kurekebisha.

Lakini tusichanganye mambo. Bati inarudi. Inayeyuka kwa moto mdogo, digrii 232 tu, na ni rahisi kuikusanya. Kwa hiyo bati ya zamani itaendelea kushindana na bati ya shimo, na mchimbaji wa kasiteriti lazima alijue hilo. Koltani ni hadithi nyingine. Katika telefone moja tantali ni chembe ndogo, imetawanyika. Karte ikiingia katika tanuru ya kutafuta shaba na dhahabu, tantali inapotea ndani ya takataka za moto. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, liliandika mwaka 2011 kwamba tantali inayorudi kutoka katika vyombo vilivyotupwa haifiki asilimia 1. Asilimia moja! Na taka zenyewe ni mlima: mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na asilimia 22 tu na kidogo ndizo zilizoandikwa kwamba zilikusanywa na kushughulikiwa vizuri.

Hebu tulitafakari hilo sisi wa migodini. Koltani inayotoka kwa mikono, katika mashimo yanayoanguka, inabebwa mgongoni, inafungwa tiketi, inalipiwa kodi halali na ile isiyo halali, inavuka bahari, inakaa miaka mitatu katika telefone, halafu inageuka majivu. Haitarudi tena kwa mtu yeyote. Njia pekee ambayo koltani iliyoshachimbwa inaendelea kufanya kazi ni kama mashine yake inatengenezwa. Yule mzee wa Namur na yule fundi wa Kalundu, bila kujuana, ndio wanaoheshimu kazi ya mchimbaji kuliko wote.

Na je, ufundi wao utapunguza soko? Kwa kweli, hapana. Commodore zote duniani zikitengenezwa, haitaonekana katika mizani ya komptwari moja. Kinachobadilisha bei ni vita, siasa, na viwanda vikubwa. Tulikiona mwaka 2000: bei ya tantali ilipanda kama moshi, watu wakaacha mashamba kukimbilia koltani, na mwaka uliofuata ikaanguka. Fundi wa radio hakuhusika.

Skema katika mkataba

Tufike sasa kwenye siasa za leo. Tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka 2025, Marais wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano kule Washington, na Kongo ikaweka pamoja na Marekani ushirikiano juu ya madini. Siku chache baadaye Uvira ikaingia mikononi mwa M23. Watu wa huku hawahitaji mwandishi awaeleze umbali uliopo kati ya karatasi na barabara.

Lakini tuangalie karatasi yenyewe. Kila mara wakubwa wanapozungumza madini yetu, maneno ni matatu: amani, bei, na kiwanda cha kusafisha jiwe hapa hapa. Yote matatu ni ya haki. La nne halisemwi: ujuzi wa kutengeneza kile kinachotoka katika jiwe.

Wenzetu wa Ulaya wamelisema kwa ajili yao wenyewe. Mwaka 2024 walipitisha sheria inayowalazimisha watengenezaji wa vyombo kadhaa, telefone zikiwamo, kuvitengeneza hata baada ya garanti kwa bei isiyo ya kukata kichwa. Inchi zao zilipewa mpaka tarehe 31 mwezi wa 7 mwaka 2026 kuanza kuitumia. Sheria ile ina mipaka. Kompyuta za kawaida hazimo katika orodha yake ya kwanza. Lakini mlango umefunguliwa, na waliousukuma ni pamoja na watu waliokuwa wakitengeneza mashine zao mezani, wakichoka kuambiwa "nunua mpya".

Vilevile tangu tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2025, mapatano ya Basel yanadai kwamba taka yoyote ya umeme isivuke mpaka bila inchi inayoipokea kukubali. Ni kinga nzuri, kama forodha inaijua. Maana kuna tofauti kati ya kompyuta ya zamani inayopona na kontena la vitu vilivyokufa vinavyoletwa kwetu ili tuvichome.

Sasa fikiri. Kongo ina koltani ambayo dunia inaitaka sana. Rubaya peke yake, kule Masisi, inahesabiwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Inchi yenye nguvu ya namna hiyo ingeweza kuandika katika mkataba: anayenunua jiwe letu na kutuletea telefone, alete na skema yake, na vipande vyake, kwa bei ambayo fundi wa Baraka ao wa Sange anaweza kulipa, na sehemu ya kodi ya madini ijenge mashule ya ufundi karibu na karieri. Si ombi la ajabu. Mwaka 1982 skema ya Commodore 64 ilikuwa wazi, nyuma ya kitabu, kwa mtoto yeyote aliyekinunua.

Wasemaji wa wachimbaji, wa koperative na wa sosiete sivile wanaokaa katika mikutano hiyo wanaweza kulitaja. Lisipotajwa na sisi, hakuna atakayelitaja kwa niaba yetu.

Kwa familia, tangu leo

Mkataba utachukua muda. Mambo mengine hayangoji.

Kijana asiyetaka shimo, ao mzazi asiyetaka mtoto wake aingie shimo, ajue kwamba ufundi huu unaanza na vyombo vitatu: chuma cha kulehemu, kipimo cha umeme, na sudire. Kitabu cha kwanza ni karte iliyokufa. Mtoto ajizoeze kuondoa na kurudisha vyombo juu yake mpaka mkono utulie. Radio ya zamani ni mwalimu mzuri kuliko telefone mpya, kwa sababu ndani yake kila kitu kinaonekana. Msichana naye aketi mezani. Kazi hii inataka macho na uvumilivu, haitaki kifua.

Lakini kuna hatari, na afadhali tuziseme. Sudire ya zamani ina risasi: usile bila kunawa, usivute moshi wake, usiache watoto wadogo wachezee makombo yake. Televizio ya tumbo inaweka umeme mkali ndani hata baada ya kuzimwa, asiyejua asiifungue. Usichome nyaya ili kupata shaba, moshi wake ni sumu kwa mtaa mzima. Na wale wanaodanganya vijana kwamba watapata utajiri kwa kumwaga asidi juu ya karte ili kutoa dhahabu: dhahabu ile ni unyoya, na asidi inakula mapafu. Mchimbaji wa Misisi anajua ni mawe mangapi yanatoa gramu moja. Ajue pia kwamba karte nzima inayopona ina bei kuliko unyoya wake.

Na usitupe mashine kwa sababu tu haiwaki. Mpelekee fundi aliye karibu. Kama haiponi, mwachie. Vipande vyake vitaponya nyingine.

Baba anayeshuka shimoni kesho asubuhi hawezi kubadilisha bei ya London wala sahihi za Washington. Lakini jioni akirudi na radio inaimba nyumbani, na mtoto wake ndiye aliyeitengeneza, kipande kidogo cha jiwe lake kitakuwa kimerudi nyumbani. Ni kidogo. Lakini mpaka leo hata hicho kidogo hatukuwa tukikidai.